Shakwe wa Baridi Pale Ziwa Nakuru

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Naanza na swali ambalo naulizwa kila nikionekana na darubini, kwamba shakwe ni ndege wa Mombasa, sasa huku juu Nakuru, mita 1,750 hivi, anafanya nini? Anakula bana!

Namsemea yule wa mgongo mweusi, miguu njano, doa jekundu chini ya mdomo. Yule mdogo wa kichwa kijivu na miguu myekundu ni mwenyeji, huyo muacheni. Mweusi anazaliwa Finland na majirani zake, baridi ikianza kubana anashuka, anafuata Nile, zaidi ya kilomita 6,000, halafu Oktoba mpaka Aprili yuko kwetu. Wengi wanaishia Ziwa Victoria maana kule kuna omena na matumbo ya samaki yametupwa ufukweni, nani atapita hapo?

Sasa Nakuru zamani ilikuwa magadi matupu, hamna samaki, flamingo na mwani wao basi. Kuanzia miaka ya 1950 wakaletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi, wale wanavumilia maji makali, ati wamalize mbu. Mbu wapo, wameniuma jana. Lakini ndege mwari walisikia habari ya samaki wakajaa, na mimi naona shakwe naye hiyo meza ndiyo inamshikilia hapa, ingawa anaokota chochote, hata mzoga.

Na yale maji anakunywaje? Ana tezi juu ya macho zinachuja chumvi, inatokea puani. Mkae kimya pale Mto Njoro unapoingilia ziwani, ndege wengi wanapenda kuoga hapo, mtazame mdomo wake: tone linashuka taratibu mpaka kwenye ncha, linaning'inia, anatikisa kichwa, limeruka. Mgeni mmoja aliniambia huyu ndege ana mafua.

Eh, mama hapo mbele ameuliza kuhusu yule wa kahawia aliyemwona Julai. Huyo ni kijana. Wanachukua kama miaka 4 kupata mgongo mweusi, na wadogo wengi hawarudi kule mwaka wa kwanza, watarudi kufanya nini na hawajafika umri wa kuzaa? Kwa hiyo mama, huyo ndege hajapotea, anangoja tu akue.