Flopu ikikukosa kwenye poka ya mtandaoni: uweke dau au uachie?

Haya jamani, karibuni tena. Huo mvumo mnaousikia nyuma yangu ni feni. Kaskazi ya Mombasa mnaijua, nikiizima hatumalizi video.

Leo tuko kwenye Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi na tano mezani; tatu za kwanza za mezani ndizo flopu. Ni ya waliotimiza miaka 18, tena kwa pesa ambayo ikienda, kodi ya nyumba haiguswi. Ambaye kamari haimo katika dini yake, programu nyingi zina meza za chipu za bure na hesabu ni ile ile. Ila huko, yakhe, hakuna anayetupa karata, kwa hivyo blafu, yaani kuweka dau huna kitu ili mwenzako aogope atupe, ni kupoteza muda.

Ukishika karata mbili zisizo pea, zile tatu za kwanza mezani zitakupa pea au zaidi kama asilimia 32 ya mara. Kwingine kote umekosa. Lakini mwenzako naye hukosa vivyo hivyo, na wewe ndiwe uliyepandisha dau kabla ya flopu, yeye kafuata tu, kalipa kiasi kile kile. Ukiweka dau tena, ana kila sababu ya kuamini umeshika kitu.

Sasa tazameni skrini. Blaindi, yale madau ya lazima ya wachezaji wawili, ndogo na kubwa, ni senti 5 na senti 10 za dola. Nina ree na jeki, zote shupaza, nami ndimi wa mwisho kuongea. Nimepandisha hadi senti 25, mwenye blaindi ndogo katupa karata, wa kubwa kafuata. Poti, pesa yote iliyo katikati ya meza, ina senti 55. Flopu hiyo: kingi ya uru, saba ya shupaza, mbili ya pao. Sina kitu. Mpinzani kapita, hakuweka dau.

Hatua ya kwanza: toa kidole kwenye kitufe. Ule mstari wa saa unaopungua chini ya jina lako una sekunde za kutosha. Hesabu vichwa. Akiwa mmoja, twende kazi. Wakiwa wawili, uwezekano kwamba wote wamekosa unashuka chini ya nusu. Watatu, unabaki kama asilimia 30, na hapo mimi napita bila hata kuwaza.

Hatua ya pili: uliza flopu hii ni ya nani. Kingi, saba, mbili, aina tatu tofauti, hazishikani popote. Flopu kavu. Mimi niliyepandisha nina makingi na maree mengi kumshinda yeye, na hana mchoro wa kusubiria, yaani karata zinazongoja moja tu zikamilike. Nitaweka.

Simamisha video hapa, nibadilishe karata za mezani: nane na saba za kopa, na sita ya pao. Mkono wangu ni ule ule, ree na jeki. Sasa mtu aliyekaa blaindi kubwa akafuata na tisa-nane, saba-sita, au kopa mbili, ndiyo kwanza anachangamka. Atafuata, au atanipandishia. Hapa napita. Wengi huona kupita ni woga, kwa hivyo wanafyatua dau kila flopu kama mashine. Meza za senti zinalishwa na watu hao.

Na kama wewe ndiwe unayeongea kwanza, punguza zaidi. Hujui mwenzako atafanya nini, naye ameshakuona.

Hatua ya tatu ni kiasi, na hapa tukae kidogo. Nikiweka senti 18 kwenye poti ya 55, yaani theluthi, nahitaji atupe karata mara moja tu katika kila nne ili nisiingie hasara. Nikiweka nusu ya poti, iwe mara moja katika tatu. Poti nzima, nusu ya mara zote. Kwenye flopu kavu, mtu aliyekosa atatupa hata kwa theluthi, basi ya nini kumlipa zaidi kwa kazi ile ile? Vile vitufe vya haraka vilivyo juu ya kitelezi huwa vinaanzia nusu. Ingia kwenye mipangilio uongeze cha theluthi.

Kuna kukosa ambako si kukosa. Flopu ikija tisa, tano, mbili, na mbili kati yake ni shupaza, mimi nina shupaza nne. Zimebaki tisa za kunikamilishia shupaza tano: asilimia 19 kwa karata inayofuata, 35 hivi ukihesabu hadi ya tano. Hapo naweka nusu poti au zaidi, maana akifuata bado nina njia.

Hatua ya nne, na hapa ndipo pesa inapopotelea. Turudi kwenye kingi, saba, mbili. Nimeweka 18, kafuata. Karata ya nne ikiwa saba au tatu, nimemaliza, napita. Ikiwa kwini, mambo ni mengine: inamtia wasiwasi mwenye pea ya saba, na kumi yoyote itanipa mfululizo hadi ree. Naweka tena, sasa kama theluthi mbili za poti. Akifuata na kumi isije, naachia.

Yupo mtu mmoja ambaye haya yote hayamhusu. Yule wa "nione tu", anayefuata na chochote mpaka karata ya tano. Programu nyingi zina sehemu ya kuandika maelezo juu ya mchezaji. Bonyeza jina lake, andika "hatupi". Huyo usimpigie blafu. Subiri ushike kingi kweli, kisha umtoze kikamilifu.

Kabla hujafunga programu leo, fungua historia ya raundi, chagua zile ulizopandisha ukakosa flopu, uangalie ni ngapi uliweka dau la pili bila mchoro wowote mkononi.