Ukiibamiza boneti ya Beetle inakukomoa

Haya wazee, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Aliyeniita alitaka niongelee injini, nikamwambia injini kila fundi anaiongelea, mimi leo naongelea loki ya boneti ya Volkswagen Beetle, ile ya mbele, na naona wengine mshaanza kucheka eti injini yenyewe iko nyuma, boneti ya mbele inamsumbua nani.

Inamsumbua mwenye gari la kabla ya toleo la 1968. Hayo mdomo wa tangi uko humohumo ndani ya boneti, kile kidude cha kujazia kwa nje ubavuni kimekuja na toleo la 1968, kwa hiyo loki ikigoma hujazi mafuta, umesimama sheli unaangaliana na yule dada wa pampu. Halafu bawaba ziko upande wa kioo, maana yake loki ikiachia ukiwa mwendoni upepo unaibeba boneti nzima unaipiga kiooni. Mimi yamenikuta karibu na Chalinze, sikuona kitu, nimetoa kichwa dirishani kama kondakta mpaka nikasimama, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa na haraka nikaibamiza nikasikia "kaa!" nikajua imefunga.

Sasa angalieni hapa. Juu kwenye boneti kuna pini yenye springi, ncha yake imechongoka. Chini kwenye bodi kuna tundu, na ndani ya tundu kuna kibati kinachosogea: pini ikishuka inakisukuma pembeni, kinarudi kwa springi yake kinaikaba shingoni. Ukivuta kebo kule ndani ya gari kibati kinasogea, boneti inaruka kidogo, inabaki imeshikwa na ile ndoano ya usalama. Basi, hakuna kingine.

Kwa hiyo kabla hujashika spana safisha. Vumbi letu likichanganyika na grisi ya miaka 20 linakuwa kama ugali uliolala. Mwambie mtu avute kebo wewe uangalie kibati: kinaenda mpaka mwisho? Akiachia kinarudi chenyewe? Kama kinarudi kwa kusuasua usifunge hiyo boneti nakuomba, utaifunga vizuri tu, shughuli itakuwa kuifungua.

Kikicheza vizuri, shusha boneti taratibu uone pini inaingia katikati au inagonga ukingo. Ikigonga, tatizo sio urefu wa pini, boneti yenyewe imekaa upande, rudi kwenye bawaba, na piga chaki kabla hujalegeza bolti maana bila alama utahangaika mpaka magharibi. Vijana wengi hapa wanaruka, wanakimbilia kuzungusha pini.

Pini ndo ya mwisho. Legeza nati yake, zungusha kwa bisibisi nusu mzunguko, jaribu, nusu tena. Ikiwa ndefu mno boneti inakaa juu inagongagonga kwenye rasta za barabarani, ikiwa fupi mno inabidi uikalie ndo ifunge. Ukiridhika kaza nati, hiyo watu wanaisahau halafu wanarudi gereji wanasema fundi hajui kazi.

Na kebo ikikatika boneti imefungwa? Mara nyingi inakatikia kule kwenye nobu ya kuvutia ndani ya gari, hapo unakamata kipande kilichobaki kwa plaizi unavuta. Ikikatikia mbele ndo kilio, mimi nimeshatoboa tundu dogo kwenye bodi chini ya loki nikasukuma kibati kwa bisibisi, nimetoboa kwa drili ya mkono sio ya umeme, tangi liko humo jamani. Tangu siku hiyo kila Beetle inayopita kwangu naifunga waya wa pili, waya wa breki ya baiskeli tu, unatoka kwenye kibati unashuka chini mpaka nyuma ya bampa, mwizi hauoni, wewe unaujua.

Haya, nani alisema lake liko hapo nje limejifunga? Lete plaizi twende.