Majitu yenye matundu katikati ya mto Spree

Haya wadau mambo vipi, wakubwa shikamooni, leo nipo Berlin upande wa Treptow na mnisamehe kwa sauti, hapa ni kando ya mto na upepo hauna adabu kabisa. Ile video ya juzi nilipita tu na treni mkaona kwa mbali yale majitu yamesimama kwenye maji, basi meseji zikamiminika, shangazi yangu wa Tanga akanitumia voisi anasema mwanangu, hao watu mbona wametobolewa hivyo, wamepigwa risasi? Nilicheka peke yangu kwenye treni kama chizi. Leo Jumapili, na Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa, kwa hiyo nusu ya mji imekuja kulala kwenye majani ya Treptower Park na mimi nimekuja kwa swali la shangazi.

Ngoja nigeuze kamera. Mnayaona? Inaitwa Molecule Man, ya alumini, urefu mita 30, yaani piga hesabu ya ghorofa kama kumi hivi, uzito tani 45, na yamejaa matundu mwili mzima kama chekeche la unga, unaliona wingu linapita kifuani kwa jamaa linatokea mgongoni. Aliyeyatengeneza ni Mmarekani anaitwa Jonathan Borofsky, yakasimamishwa hapa 1999. Yeye hoja yake ni kwamba sisi tunajiona tumeshiba, tumekaza, kumbe binadamu ni molekuli tu, vile vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho, na sehemu kubwa maji. Ukisimama hapa nilipo mimi unaapa wanapigana, ila ukisogea kule darajani Elsenbrücke utasema wanasalimiana au wanacheza muziki, mimi nimezunguka mara mbili na sijaamua.

Mto wenyewe jamani si wa kutisha, mtu wa Pangani atauliza huu ndo mto mliokuwa mnausema? Ila usiudharau. Enzi za Ukuta, ule ulioigawa Berlin kuwa Mashariki na Magharibi, Kreuzberg pale ng'ambo ilikuwa Magharibi, Friedrichshain na hapa Treptow ni Mashariki, na hayo majitu matatu yamewekwa palepale wilaya tatu zilipokuwa zinakutana. Na kwenye mpaka ule watu walipigwa risasi kweli, wakitoroka. Kwa hiyo shangazi umekosea sanamu lakini mahali hujakosea sana, na sikumbuki lini mara ya mwisho umekosea moja kwa moja.

Haya sasa twende, natembea naongea, mkiona picha inatikisika ndo hivyo. Nilikuwa nimepanga video iishie pale kwenye majitu lakini humu ndani ya bustani kuna kitu kinatuhusu sisi. Mnaona hili bwawa? Karpfenteich, bwawa la samaki, bata wametulia, watoto wanakula aiskrimu. Mwaka 1896 hapa kulikuwa na maonyesho makubwa ya biashara, na ndani yake wakaweka maonyesho ya makoloni, wakaleta watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Wajerumani, Kameruni, Togo, na kwetu pia, Waswahili na Wamasai, wakajengewa vibanda hapa kandokando ya maji ili Wajerumani walipe kiingilio waje kuwatazama wakipika, wakicheza, wakikaa tu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba. Wengine baridi na magonjwa viliwamaliza hukuhuku. Mimi nimekaa Berlin miaka minne, nimekula soseji kwenye hii bustani sijui mara ngapi, sikujua, na sikuona bango la kunishtua.

Ila kuna mmoja nampenda sana, Kwelle Ndumbe, Mkameruni. Huyu bwana kuona anatazamwa kutwa nzima, akanunua darubini ndogo, zile za kutazamia tamthilia ukumbini, akaanza na yeye kuwatazama wao! Mnaelewa lakini? Wamelipa hela zao kuja kumkodolea macho, naye kawakodolea kwa lenzi. Na cha ajabu pale nyuma ya miti kuna darubini nyingine ya nyota, limtutu la mita 21, lilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho yaleyale, na bado lipo. Wakati wanapima nyota kule juu, huku chini binadamu wapo kwenye maonyesho.

Nimerudi mtoni. Jua linashuka, mnaona linavyopenya kwenye yale matundu? Shangazi nakutumia hiki kipande peke yake WhatsApp, bando lisikuishie. Wadau mniandikie hapo chini, wanapigana au wanacheza? Halafu kuna babu hapa ananisubiri nimalize maji achukue chupa, hii plastiki ukiirudisha dukani inatoa senti 25, ngoja nimalizie nimpe.