Lita Moja, Kilomita Ngapi?

Asalaam aleikum, na habari za mchana. Madereva wa stendi, mafundi, na nyinyi vijana wa boda mliokuja japo mada ni ya magari, asanteni.

Mwaka 2005 chuo cha ETH Zurich cha Uswisi kilitoa chombo kiitwacho PAC-Car II, kikaandikiwa kilomita 5,385 kwa nishati iliyo sawa na lita moja ya petroli. Kutoka hapa Jinja ungekwenda Mombasa na kurudi mara mbili, na mafuta yangebaki. Rekodi ni ya kweli. Ila chombo chenyewe hakikufika kilo 30, dereva alikuwa mmoja na amelala chali, mwendo ni kama wa baiskeli inayokimbia, na kilichomo ndani ni hidrojeni, hakuna petroli hata tone. Kiliendeshwa kilomita chache kwenye uwanja wa majaribio, halafu hesabu ikapigwa. Mpandishe humo mama mwenye magunia mawili ya mahindi uone.

Sasa tuje kwenye gari lako. Lita moja ya petroli ikiungua yote inatoa joto la kuchemsha karibu lita 100 za maji. Ni nguvu nyingi sana. Gari dogo la kawaida, likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare, linahitaji nguvu ya kusukuma hewa na kuzungusha tairi inayokaribia lita moja kwa kila kilomita 100, kama injini ingekuwa haipotezi kitu. Injini hiyo haipo duniani. Iliyo chini ya boneti yako inafikisha kwenye tairi kama robo tu ya joto hilo. Zile bora kabisa za haibridi, yaani magari yenye injini ya petroli inayosaidiana na mota ya umeme, zinagusa asilimia 40 zikiwa katika hali yake nzuri. Kwa hiyo kilomita 100 kwa lita zinakuwa 25. Ukiongeza mlima, abiria na foleni, inashuka tena, nanyi mnajua inaposhukia.

Robo tatu iliyobaki inakwenda wapi? Hapa ndipo wauzaji wa vifaa wanapotuchanganya. Wanasema petroli haiungui yote, basi funga sumaku kwenye mpira wa mafuta, au weka kidude fulani, iungue vizuri. Injini nzima, yenye plagi safi na nozeli za kunyunyizia petroli zinazofanya kazi, inaunguza karibu petroli yote. Hasara inatokea kwenye rejeta na ekzosi, ikiwa joto. Sumaku haigusi joto hilo. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii tangu miaka ya 1970. Vichache sana vilileta nafuu, tena ndogo.

Mtaniuliza habari ya gari la kutumia maji. Stanley Meyer wa Ohio alidai analo. Mwaka 1996 mahakama ya huko ikaamua ni udanganyifu mkubwa. Maji ni majivu ya hidrojeni: yameshaungua. Kuyatenganisha tena unahitaji umeme, umeme unatoka kwenye altaneta, ile jenereta ya gari, altaneta inazungushwa na injini, injini inakunywa petroli. Na kila hatua inakata ushuru wake.

Na ile kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Pogue, Mkanada wa miaka ya 1930, ambayo watu husema makampuni ya mafuta yaliificha? Ilidaiwa kwenda zaidi ya kilomita 70 kwa lita. Rudi kwenye hesabu yetu ya 100. Ingebidi injini ya wakati ule igeuze zaidi ya asilimia 70 ya joto kuwa mwendo, ndani ya gari zito lenye umbo la kabati. Sihitaji njama yoyote kueleza kwa nini haipo madukani.

Uongo unaotugusa zaidi sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani ni wa namba za matangazo. Toyota Aqua, gari la haibridi, ilipotoka Desemba 2011 ilikuwa na namba mbili: kilomita 40 kwa lita kwa kipimo cha zamani cha Kijapani, na 35.4 kwa kipimo kipya. Gari ni lile lile! Vipimo hivyo vilifanyika kwenye mashine ndani ya jengo, kwa wastani usiozidi kilomita 25 kwa saa, bila mashimo wala mlima wa Kabale. Hapo bado hatujataja wanaopika namba: mwaka 2016 Mitsubishi ilikiri kuchezea vipimo vya magari madogo yapatayo 625,000.

Haibridi yenyewe si uongo. Kwenye foleni ya Kampala inazima injini, na ukikanyaga breki inarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Gari la kawaida likinguruma tu limesimama linaweza kula lita nzima kwa saa, hasa ukiwasha AC. Ila ukiitoa haibridi ile ile kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 110, faida inapungua sana.

Na wewe unayeshuka mlima ukiwa nyutro ukidhani unaokoa! Gari la nozeli likishuka ndani ya gia, ukiachia pedali ya mafuta, kompyuta inafunga petroli kabisa. Nyutro inaendelea kunywa ili injini isizime, na breki unazichoma bure. Ukitaka nafuu ya kweli, shuka kutoka 100 hadi 80: upinzani wa hewa unapungua zaidi ya theluthi. Toa keria ya juu isiyo na mzigo. Jaza upepo wa tairi kila wiki.

Akija mtu na kidude chake, jaza tangi pomoni, andika kilomita, zunguka na kazi yako, jaza tena pampu ile ile, gawanya. Fanya hivyo mara kadhaa kidude kikiwemo, na mara kadhaa kikiwa kimetolewa, njia ile ile. Mwambie utamlipa baada ya hapo.

Haya, maswali. Fundi pale nyuma, anza wewe.