Kazi Inapomwachia Mtu Mkono: Mhadhara kwa Wafanyakazi wa Lubumbashi

Baba na mama zetu mliostaafu, ndugu wafanyakazi, nanyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia kazini,

Nimeombwa nizungumzie nafsi ya mfanyakazi katika vipindi mbalimbali vya maisha ya kazi. Mwanasaikolojia Mmarekani Donald Super alivitaja vipindi hivyo katikati ya karne iliyopita: kukua, kutafuta, kujijenga, kudumisha na kujiondoa. Mgawanyo huo unatusaidia, ila unamfaa zaidi mtu ambaye ajira yake haikatiki njiani, na hapa Katanga, eneo letu la migodi, ajira hukatika.

Kijana wa leo mara nyingi haajiriwi na mgodi wenyewe, bali na kampuni ndogo inayoupatia mgodi wafanyakazi, kwa mkataba wa muda mfupi. Huo ndio umri ambao mtu hujiuliza yeye ni nani, na mkataba wa namna hiyo kila mara humjibu kwamba angoje kwanza. Anaahirisha mahari, anaahirisha kupanga nyumba yake, anabaki mtoto kwa wazazi wake huku akivaa kofia ngumu ya mgodi. Hata hivyo bado anaweza kubadili njia bila kuwaangusha wanaomtegemea. Ningemshauri aupime kila mkataba kwa ujuzi atakaotoka nao pia, si kwa mshahara peke yake, ingawa najua kwamba mwenye nyumba hapokei ujuzi.

Kipindi cha katikati kina mzigo mwingine: karo za watoto, dawa za wazazi, ndugu wadogo wanaosubiri. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kazi uliokithiri katika orodha yake ya magonjwa, si kama ugonjwa, bali kama hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa vizuri. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona kwamba hafanyi tena lolote la maana. Kwa kuwa chanzo chake kiko kazini, mkubwa wa kazi hawezi kumpa mtu siku mbili za kupumzika kisha akamrudisha kwenye zamu zilezile na kudhani amemponya.

Umri huohuo ndio ambao mwanasaikolojia Erik Erikson aliuona kuwa wakati wa mtu kulea kizazi kinachofuata, la sivyo anadumaa. Lakini nendeni kwenye karakana yoyote mtazame. Pampu imeharibika, fundi wa miaka hamsini anaifungua, na inapofika hatua ya kupanga vipuri vya ndani anamtuma msaidizi wake akalete spana ambayo haihitajiki. Kijana anaporudi, kifuniko kimekwisha kufungwa. Wengi humwita fundi huyo mchoyo. Mimi naona mtu mwenye hofu, ambaye ujuzi wake ndio bima pekee aliyo nayo, na hakuna kampuni inayoweza kumwomba afundishe kabla ya kumhakikishia kwamba atakayemfundisha hatachukua nafasi yake mwezi ujao.

Sasa nije kwa wazee, ambako ndiko hasa nilikotaka kufika. Huko Austria, kiwanda cha kufuma kilichokilisha kijiji cha Marienthal kilifungwa kuelekea mwaka 1930. Mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuchunguza, wakatangaza matokeo yao mwaka 1933. Wanaume waliokuwa na siku nzima mikononi walitembea polepole zaidi, wakisimamasimama njiani. Wengi waliacha kuvaa saa. Vitabu vya maktaba viliazimwa kwa uchache kuliko zamani. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humpangia mtu siku yake, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humwingiza katika lengo la wengi, humpa heshima na humlazimisha kujishughulisha.

Hapa kwetu hayo matano yalikaa mahali pamoja. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1967, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ilirithi mtindo wa kumpa mfanyakazi nyumba, unga, shule ya watoto na hospitali. Ndiyo maana watu wa kambi za wafanyakazi walisema, «Gécamines njo baba, Gécamines njo mama», yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Mwaka 2003, baada ya muda mrefu wa mishahara kutolipwa, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Walihesabiwa fedha. Hakuna aliyewahesabia asubuhi zao.

Wake zao walikuwa wamekwisha kuingia sokoni kuuza unga na makaa ili nyumba ipate kula, na humo kukazuka maumivu ambayo wanaume wetu hawayataji: kuketi mezani mbele ya chakula ambacho hukukileta. Mwanamke alipata mzigo, lakini pia alipata siku yenye mpango, wenzake wa sokoni na sauti nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa wafanyakazi walioketi mbele hapa ni hili: maandalizi ya kustaafu yaanze miaka mitano kabla, yamhusu na mke au mume, na mwaka wa mwisho mzee apunguziwe zamu, apewe vijana wawili wa kufundisha, alipwe kama mwalimu. Fundi wa ile pampu hatakuwa tena na sababu ya kuagiza spana.