Binti mwenye haya, kwa Kiingereza anaitwaje?

ZUHURA: Karibuni tena. Kheri leo kaja na daftari lake, lina maneno 12 ya Kiingereza: manne ya hisia, manne ya vitendo, manne ya tabia.

KHERI: Na leo tunayamaliza, dada Zuhura. Wiki iliyopita tuliwaacha wasikilizaji na "jealous" na "envious" mkononi.

ZUHURA: Tutayafikia. Ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumanne. Yule binti anayenisaidia pale cherehani kwangu, mnamjua, nimemtaja sana humu.

KHERI: Anayepinda mabaibui.

ZUHURA: Huyohuyo. Kaomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja kaskazini ya Unguja. Wakataka barua ya Kiingereza kutoka kwangu. Nikaiandika usiku, kwa moyo wote. Nilitaka kusema ni binti mwenye haya, nikaandika "she is a very shy girl". Jumanne meneja kanipigia: "Mama, huyu ataweza kweli kusimama mbele ya wageni?" Kheri, nguvu ziliniisha.

KHERI: Wewe umemsifu, yeye kasoma kasoro.

ZUHURA: Kasoro! Na ndiyo sifa yake ya kwanza.

KHERI: Tazama Kiswahili chenyewe. Kuna kuona haya na kuna kuwa na haya. Mtoto anayejificha kwenye kanga ya mama yake mgeni akiingia, huyo anaona haya. Ndiyo "shy" hiyo. Waingereza hulitumia hata kwa farasi akishtuka na kurukia pembeni. Mwenye haya hajifichi.

ZUHURA: Hajifichi hata kidogo! Yule binti humwambia mteja usoni kwamba kitambaa hakitoshi. Lakini chenji ikibaki mia tano, atamkimbilia mteja mpaka kituo cha daladala, sindano bado imechomekwa kifuani.

KHERI: Andika "modest".

ZUHURA: Nimelifungua kwenye kamusi, sikulipenda. Nimelikuta kwenye nguo, nimelikuta kwenye mshahara. "A modest salary", mshahara mdogo.

KHERI: Asili yake ni Kilatini, neno la kipimo. Mtu anayejua kiasi chake.

ZUHURA: Kiasi siyo haya. Tangu tuko chuoni tumefundishwa haya ni sehemu ya imani. Haya inakuja kabla ya kosa, inakushika mkono. Aibu ndiyo inayokuja baadaye.

KHERI: Na aibu hiyo wenzetu wameigawa. Umejikwaa sokoni watu wakakuona, "embarrassed". Umekula mali ya yatima ukajulikana, "ashamed". Wasikilizaji, andikeni hayo, yamo katika yale 12.

ZUHURA: Basi yamebaki kumi. Nirudi kwenye haya. Asiye na haya wanamwitaje?

KHERI: "Shameless".

ZUHURA: Ni tusi?

KHERI: Zito.

ZUHURA: Basi aliye nayo anaitwaje? Huwezi kumtukana asiye nayo halafu ukakosa jina la aliye nayo.

KHERI: Tafadhali siyo "shameful". Wanafunzi wangu wa kidato cha pili huandika hivyo kila mwaka, na hilo ni la jambo la aibu. Ila Zuhura, walikuwa nalo. "Shamefast", mtu aliyeshikwa imara na haya, asiyelegea. Nomino yake imo kwenye Biblia yao ya 1611, waraka wa kwanza kwa Timotheo. Baadaye ile "fast" ikachanganywa na neno la uso, likawa "shamefaced". Leo huyo ni mtu aliyekamatwa na kosa, kainamisha kichwa.

ZUHURA: Subhanallah. Sifa imegeuka kuwa sura ya mwizi.

KHERI: Ndiyo maana nakwambia chukua lililo karibu. Meneja ana lundo la barua mezani. Anatafuta neno la tabia, analiona, anaendelea.

ZUHURA: Mimi nasema ukikosa neno la tabia, andika kitendo. "She runs after customers to return their change." Nani atasoma hiyo asimjue huyu binti?

KHERI: Atajua ni mwaminifu, "honest". Haya bado hujaisema.

ZUHURA: Ataiona.

KHERI: Hataiona. Na mwanafunzi wangu je? Mtihani unataka neno. Akinisimulia habari ya chenji, hapati alama.

ZUHURA: Binti yangu hayuko kwenye mtihani.

KHERI: Yuko, tena mkubwa.

ZUHURA: Hapo sikubali, kaka. Nilishatumia neno moja, na ndilo lililomwangusha.

KHERI: Ulitumia lisilo lake.

ZUHURA: Na "modest" litakuwa la pili lisilo lake.

KHERI: Haya, tusigombane. Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Mbili. Sema "jealous" na "envious" upesi.

KHERI: Hayasemeki upesi! Wivu wa mume na kijicho cha jirani ni somo zima. Na vitendo sijavigusa: "glance", kutupa jicho, "stare", kukodoa, "peep", kuchungulia. Nilikuwa na mifano mizuri.

ZUHURA: Iweke wiki ijayo. Meneja kanipa mpaka kesho saa nne asubuhi. Usiku huu naandika upya: ile ya chenji, na ile siku alipolichoma kwa pasi gauni la bibi harusi, akanifuata nyumbani saa moja usiku kuniambia, kabla mimi sijaliona.

KHERI: Hiyo ya gauni iweke mbele, imenigusa. Na mwishoni "modest".

ZUHURA: Siliweki.

KHERI: Neno moja tu, dada.

ZUHURA: Siliweki, Kheri. Wasikilizaji, kwaherini.