Piano Inaposhika Usukani: Wimbo Mmoja wa Henri Duparc

Mabibi na mabwana, jioni hii nitabaki na wimbo mmoja tu: L'invitation au voyage, yaani "Mwaliko wa Safari", alioutunga Mfaransa Henri Duparc mwaka 1870, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Maneno ni ya Charles Baudelaire, kutoka diwani yake ya 1857.

Kabla ya hapo, sebule za Paris zilizoea romansi: beti kadhaa, lahani ileile kila ubeti, piano ikimshikia mwimbaji tu. Berlioz, mtunzi mwingine wa Ufaransa, alishafungua njia nyingine mwaka 1841 kwa nyimbo zake Les nuits d'été. Duparc akaingia ndani zaidi.

Sikilizeni mkono wa kushoto wa mpiga piano. Noti mbili, C na G, zinashikiliwa chini kwa muda mrefu, huku mkono wa kulia ukitetemeka juu yake bila kupumzika. Mwimbaji anamwalika mpenzi wake wasafiri hadi nchi inayofanana naye. Msingi wa piano hausogei. Hamu ya kuondoka na kutoondoka vinasikika kwa pamoja, na shairi halikuhitaji kulisema hilo. Kwangu mimi, hapo ndipo ukubwa wa Duparc ulipo.

Kisha kinakuja kiitikio. Mtetemo unakoma, piano inaacha sauti ndefu zilizotulia, na mwimbaji anakaa karibu na noti moja, kama mtu anayeghani. Kifaransa hakikazi silabi ndani ya kila neno kama Kiswahili. Maneno hutiririka sawasawa, mkazo ukaja mwishoni mwa kifungu. Duparc aliheshimu mwendo huo. Mwimbaji anayetaka kuonyesha nguvu za kifua hapa anaubomoa wimbo, nami nimewasikia wengi wakifanya hivyo.

Shairi lina beti tatu. Duparc aliuacha wa pili, unaoeleza chumba na samani zake, akabaki na anga yenye ukungu na merikebu zilizolala kwenye mifereji. Jua linapotua katika ubeti wa mwisho, piano inaanza kububujika, na C maina ya mwanzo, ngazi ya sauti yenye giza, inageuka C meja, ngazi yenye mwanga.

Maradhi yalimfanya aache kutunga mwaka 1885, ingawa aliishi hadi 1933. Kazi nyingi aliziharibu mwenyewe. Nyimbo zilizobaki hazifiki ishirini.

Sasa nawakaribisha wanamuziki wetu. Tafadhali, mara ya kwanza msimfuate mwimbaji. Fuateni mkono wa kushoto.